Nilivyofukuzwa kazi Garsen kwa sababu ya kobe aliyekataa kulala

Wakuu, salaam kwenu nyote. Shikamoo sitoi, maana themanini nimeshaipita na sidhani kama humu yuko wa kunizidi. Kama yuko ajitokeze, nimwamkie.

Haya nitakayosema yalinipata mimi mwenyewe. Siongezi chumvi. Hata daktari amenikataza chumvi.

Juzi kuna dada humu aliuliza kwa nini kobe wake anapiga chafya na kutoa mapovu puani. Akasema amemuweka kwenye boksi bafuni na anamlisha mkate na maziwa.

Nikasoma majibu yenu. Mmoja kasema ampake dawa ya kifua. Mwingine kasema kobe hana pua.

Wakuu! Kobe ana pua. Mimi hiyo pua nimeifuta kwa leso yangu karibu mwezi mzima.

Ndiyo nikaona nifungue uzi. Naandika kwa kidole kimoja, mnivumilie.

Ilikuwa miaka ya hamsini, Garsen, kabla ya uhuru. Mimi ni Mpokomo wa huku juu mtoni, nilikuwa na kama miaka ishirini, nimesoma kidogo, najua Kiingereza cha kusomea, cha kusemea hapana.

Nikapata kazi kwa Mzungu mmoja mpimaji wa mto. Alikuwa amechomeka fito zenye alama ndani ya maji ili ajue Tana imepanda au imeshuka, kwa hiyo watu wakamwita Bwana Fito. Jina lake la kweli sitalitaja, ana wajukuu huko aliko.

Kazi yangu ilikuwa kwenda mtoni kila asubuhi, kusoma fito, kuandika kwenye daftari, na kuangalia mamba asinisome mimi.

Kazi nzuri. Kwa ajili ya hiyo kazi, Mzee Buya, mkulima wa mpunga pale ng'ambo ya pili, alikubali posa yangu kwa binti yake Amina. Mzee Buya alikuwa mtu wa maneno machache. Alisema, "Kijana ana kazi inayoeleweka. Basi."

Shikeni hilo neno: inayoeleweka.

Sasa, Bwana Fito alikuwa na kobe.

Alimwokota njia ya kwenda Bangale, kule kwenye nchi kavu, amekaa katikati ya barabara kama askari anayesimamisha magari. Akampa jina Meja. Mkubwa kama sinia la wali, gamba la madoadoa meusi na manjano kama chui.

Kwa muda Meja alikuwa anazunguka uani tu, anakula alichokiona, hana shida na mtu. Hakuna aliyejua kwamba kobe ana masharti.

Masharti yalikuja kwa posta.

Bwana Fito alikuwa na mchumba kwao Uingereza. Mchumba akasikia habari za Meja, akatuma kitabu. Kitabu kizima, chenye picha, cha kufuga kobe. Chakula, nyumba, unyevu, usingizi, kila kitu. Kimeandikwa huko huko, kwa kobe wanaofugwa huko huko, ambako jua likitoka watu wanatoka nje kulitazama.

Bwana Fito alikipenda kile kitabu kwa sababu ya aliyekituma. Nadhani hata kingekuwa cha kufuga nyangumi angekifuata.

Mwezi wa nane akapata likizo ya kwenda kuoa. Kabla hajapanda gari akanikabidhi Meja kwa mkono wa kulia na kitabu kwa mkono wa kushoto.

Akasema kwa Kiswahili chake, "Jillo. Meja kufa, wewe hapana kazi. Soma buku. Fanya sawasawa kama buku nasema."

Nikasema ndiyo Bwana. Ungesema nini wewe?

Nikaanza na sura ya chakula. Diet, kama mnavyosema.

Kitabu kilisema letasi laini, na aina fulani ya ua la manjano la bustani za kwao, na kama zawadi, stroberi moja moja.

Wakuu, stroberi. Garsen. Miaka ya hamsini.

Nikaenda kwa mwenye duka pale kivukoni, nikamuonyesha picha. Akaitazama sana, akaigeuza juu chini, akasema hilo tunda analo. Akanitolea mkebe wa jemu.

Nikarudi nikampa Meja jemu juu ya mkate. Akala! Akala mpaka uso wote mwekundu kama aliyetoka vitani. Nikafurahi, nikaona kazi imekuwa nyepesi.

Kesho yake... sitaeleza kwa undani, wengine mnasoma mkiwa mnakula. Niseme tu kwamba kobe anaweza kuharisha, na anaharisha huku anatembea.

Letasi nikapanda mwenyewe kandokando ya mto, mbegu nikaziagiza Malindi. Zikaota. Nyani wakaja asubuhi moja, wakakaa mstari, wakala zote, mmoja akaniangalia usoni huku anatafuna. Nikarudia mkate. Nikaongeza na maziwa, nikidhani anahitaji nguvu.

Maziwa nilinunua kwa Mama Habiba. Huyu alikuwa Mworma, mama mtu mzima, mrefu, kila asubuhi anakuja na vibuyu vyake kutoka kwenye boma lao nje kidogo ya mji. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza lakini alikuwa hakosi neno.

Siku aliyoniona namnywesha kobe maziwa aliweka kibuyu chini.

"Jillo. Hii nini?"

"Kobe wa Bwana, mama."

"Najua kobe. Mimi nauliza wewe nafanya nini."

Nikamuonyesha kitabu. Akakikataa kwa mkono kama mtu anayefukuza nzi.

"Hii ni ng'ombe ndogo tu. Ng'ombe inakula nini? Nyasi. Wewe nawapa ng'ombe jemu?"

Nikacheka. Nikajiambia huyu mama hajasoma.

Msicheke nyie. Hata leo kuna watu wamesoma zaidi yangu na wanawalisha kobe chipsi.

Baadaye nikafika sura ya unyevu. Humidity.

Hapa ndipo nilipoharibu kabisa. Kitabu kilisema kobe anahitaji unyevu wa kiasi na mahali pa giza pa kujificha. Neno kiasi nililiruka, kwa kweli sikulijua vizuri kwa Kiingereza. Nilichoelewa ni unyevu na giza.

Basi nikamweka Meja kwenye stoo ya sementi, dirisha nimeliziba, chini nimetandika magunia niliyoyalowesha maji ya mto mara tatu kwa siku. Ndani mlikuwa kama tumbo la kiboko. Na mbu walikuja kutoka Tarasaa yote, walisikia kuna hoteli.

Wiki ya pili Meja akaanza chafya.

Chafya ya kobe ni kitu kidogo sana, kama mtu anayefungua chupa kwa mbali. Mara mapovu puani. Mara macho yakavimba yakajifunga. Mara akaacha kula hata jemu. Nikimnyanyua, gamba lake pembeni likawa linabonyea kidogo kwa kidole, kama ukoko uliolowa.

Nikaogopa, wakuu. Meja kufa, wewe hapana kazi. Na bila kazi hakuna Amina.

Lakini niseme ukweli maana niliahidi: haikuwa kazi peke yake. Alikuwa ananyoosha shingo anaposikia hatua zangu, macho yamefumba, anatafuta tu kwa pua. Mimi ndiye niliyemtia gizani na bado alikuwa ananitafuta mimi.

Samahani, nilienda kuswali Alasiri. Naendelea.

Kumbe bado kuna sura ya usingizi.

Kitabu kilisema kuanzia mwezi wa kumi na moja mpaka wa tatu kobe LAZIMA alale, kwa sababu ni baridi. Atiwe kwenye sanduku la majani makavu, afunikwe, asiguswe mpaka baridi iishe.

Mwezi wa kumi na moja Garsen, wakuu, hata chuma kinatoka jasho.

Lakini barua ya Bwana Fito ikaja: je, Meja amelala? Mke wangu anauliza.

Nikatengeneza sanduku. Nikamtia, nikafunika, nikazima taa nikatoka kwa kunyata. Dakika tano, ndu! Akapiga ukuta wa sanduku. Ndu! Ndu! Nikarudi nikamwambia lala. Ndu! Nikamwimbia nyimbo za kubembelezea watoto, zote alizoniimbia mama yangu. Ndu!

Siku mbili nyumba nzima inapigwa ngoma. Jirani mmoja akaja kuuliza kwa adabu kama Bwana ameacha jini na kama jini huyo ana mwenyewe.

Asubuhi ya siku ya tatu Mama Habiba akaja na maziwa, akasikia. Hakuniuliza. Akaingia ndani, akafunua sanduku, akamtoa Meja, akamtazama macho, pua, gamba. Akamgeuza kidogo akanusa.

Halafu akanitazama mimi vile vile, kama anatafuta ugonjwa.

"Jillo, mwanangu. Kama iko kufa, iache ife kwa jua."

Akamkumbatia kobe kifuani akaondoka naye. Mimi nikamfuata nyuma, kitabu kwapani, namuomba anirudishie mali ya Bwana. Mji mzima uliona.

Alikwenda naye mpaka malishoni, nchi kavu, mbali na mto, ng'ombe wao wanatawanyika polepole. Akamweka Meja juani kwanza, pembeni ya kichaka chenye kivuli, ili ajichagulie mwenyewe. Akaleta maji kwenye chungu kipana, kina chake kinafika kidevuni mwa kobe tu, akamsimamisha humo. Meja akatumbukiza kichwa akanywa kama lori.

"Maji kidogo, jua nyingi, kivuli karibu, pahali kavu ya kulala," akasema Mama Habiba. "Nyasi iko yenyewe. Wewe kaa."

Nikakaa.

Siku ya kwanza hakula. Ya pili nikamuosha macho kwa maji ya vuguvugu. Ya tatu hakula. Ya nne, mimi nimelala chini ya kichaka nimekata tamaa, nikasikia kitu kinakatika. Krap. Nikainua kichwa. Meja ana jani la nyasi mdomoni, linaning'inia, macho yamefunguka nusu.

Krap.

Nililia, wakuu. Mwanamume mzima na kitabu mkononi. Mama Habiba akajifanya anahesabu ng'ombe.

Kuanzia hapo ikawa ndiyo kazi yangu. Asubuhi nasoma fito, nikimaliza nambeba Meja kichwani kwenye karai mpaka malishoni, namchunga. Nilikuwa na fimbo na yote. Ng'ombe wa Mama Habiba kama mia hivi upande ule, kobe wangu mmoja upande huu. Wachungaji wakipita wananisalimia: "Mifugo hawajambo?"

Nawajibu hawajambo. Ungejibu nini?

Chafya zikaisha. Tatizo likabaki gamba, bado laini. Mama Habiba akasema hiyo ni njaa ya mfupa. Akaniambia ng'ombe wakikosa chumvi wanalamba udongo, na kobe wakikosa mfupa wanatafuta mavi ya fisi.

Nikadhani Kiswahili chake kimeteleza. Akarudia. Mavi ya fisi, yale yaliyokauka yakawa meupe, maana fisi anatafuna mifupa na mifupa ndiyo inayobaki mle.

Haya. Nikachukua kikapu nikaingia porini kuokota.

Na siku hiyo, katika siku zote alizoumba Mungu, ndiyo siku Mzee Buya alivuka mto kuja kuangalia hiyo kazi inayoeleweka ya mkwe wake.

Alinikuta nimeinama, kikapu kimejaa robo tatu.

Akasimama sana. Akachungulia kikapuni. Akasema, "Jillo. Hiyo ni nini?"

"Mavi ya fisi, mzee."

"Ya nini?"

"Ya kobe, mzee."

Nilisikia ndege wawili tofauti wakilia kabla hajasema tena.

"Na Mzungu anajua?"

"Hajui, mzee. Mzungu anajua kobe amelala."

Maana wakuu, hapo ndipo nilipokosea kibinadamu. Ile barua niliijibu. Niliandika: Meja amelala vizuri sana. Wiki mbili baadaye wakauliza tena, nikaandika: bado amelala. Mara ya tatu nikaongeza utamu, nikaandika kwamba anaota. Sijui kwa nini niliandika hivyo.

Mzee Buya akageuka akaenda zake bila kuaga. Jioni nikapata habari kutoka kwa Amina: baba amesema mambo ya harusi yatulie kwanza mpaka aelewe.

Januari ikafika. Joto la kaskazi, hata kivuli kina joto. Meja amekuwa mzima, gamba gumu kama mlango wa benki, anatembea mpaka namuita kwa jina arudi. Harudi, lakini namuita.

Asubuhi moja ikaja barua: Bwana Fito na Memsahib wanafika tarehe fulani.

Nikaangalia kalenda. Tarehe fulani ilikuwa leo.

Nikatoka nje, nikatazama ng'ambo ya mto. Gari lao lilikuwa tayari pale, linasubiri kivuko. Kivuko cha siku zile kilikuwa kinavutwa kwa kamba na mikono ya watu, kwa hiyo nilikuwa na muda wa kama kuchemsha chai.

Meja yuko malishoni kwa Mama Habiba, nilimuacha huko tangu jana. Sanduku liko tupu. Nikachukua karai, nikalifudikiza ndani ya sanduku, nikalifunika kwa majani makavu. Ukitazama haraka, na kama una imani, ni kobe.

Wakaingia. Memsahib alikuwa mwanamke mwembamba, mwekundu kwa jua, mwenye uso mzuri wa kutaka kujua kila kitu. Hajavua hata kofia, akauliza Meja yuko wapi. Bwana Fito akaweka kidole mdomoni, akavua viatu. Memsahib naye akavua viatu. Mimi sikuwa na viatu.

Tukaingia chumbani kwa kunyata watu watatu, na nyuma yetu mlangoni akasimama Mzee Buya. Alikuwa amewaona kivukoni akawafuata, bado anatafuta kuelewa.

Memsahib akapiga magoti, akaweka sikio kwenye sanduku. Tukashika pumzi wote.

Akainua uso umejaa nuru. Akasema kitu. Bwana Fito akanitafsiria kwa sauti ya chini, "Memsahib nasikia yeye napumua."

Bwana Fito akainama akaweka sikio lake. Akatikisa kichwa kukubali. Naye amesikia.

Akaniambia, "Sikia, Jillo."

Nikapiga magoti, nikaweka sikio. Karai lilikuwa kimya kama karai.

"Ndiyo, Bwana," nikasema. "Anapumua."

Wakuu, sitawadanganya, kwa dakika moja mimi mwenyewe nilitaka kusikia.

Ndipo nje sauti ya Mama Habiba ikaita, "Jillo! Ng'ombe yako nimeleta!" Akamshusha Meja uani akaenda kupima maziwa.

Bwana Fito akatoka barazani. Meja anapita mbele yake, mguu mbele ya mguu, bila haraka, na ua mdomoni.

"Kobe mwingine!" akasema Bwana Fito.

Nikatazama vidole vyangu vya miguu.

"Nafanana na Meja."

"Wanafanana, Bwana," nikasema. "Huenda ni ndugu."

Memsahib akafurahi mpaka akapiga makofi bila sauti, asimuamshe wa kwenye sanduku. Halafu akasema jambo na Bwana Fito akanitafsiria. Huyu naye atiwe sandukuni alale na ndugu yake, maana ni msimu wa kulala, na nje atakufa. Afunikwe leo hii, afunguliwe mwezi wa tatu.

Memsahib alishamnyanyua. Meja alikuwa anapigapiga miguu hewani. Alinyoosha shingo upande wangu.

Nikatazama mlangoni. Mzee Buya ananitazama. Nikaona harusi yangu, nikaona daftari langu la fito. Nikaona magunia yaliyolowa na yale mapovu puani.

Nikasema, "Bwana, huyo ndiye Meja."

"Na huyu?" akauliza akionyesha chumbani lilipo sanduku.

"Hilo ni karai, Bwana."

Memsahib hakuhitaji tafsiri. Akampa mumewe kobe, akarudi ndani, akafukua majani. Akaligonga karai kwa ukucha mara moja. Ting.

Nilieleza yote. Jemu, nyani, stoo, chafya, nyasi, mavi ya fisi, barua. Bwana Fito alisikiliza mpaka mwisho, masikio yanazidi kuwa mekundu, na mimi nikijua kinachomuuma si uongo wangu. Kinachomuuma ni kwamba alisikia karai linapumua, mbele ya mkewe.

"Toka," akasema. "Kazi hapana."

Nikatoka. Mama Habiba akabeba vibuyu vyake tukaenda njia moja. Tulipoachana akasema, "Leo wewe nasema vizuri. Kidogo nachelewa."

Kesho yake nikavuka mto kwa Mzee Buya. Sikwenda kuomba mke, aibu ilinizuia. Ilikuwa wakati wa mavuno, nikaona nisaidie kuvuna mpunga, angalau nisiondoke pale kama mwizi. Mzee hakuniambia ndiyo wala hapana. Alinipa kisu. Nikavuna siku tatu, tunakula pamoja, hatusemezani ila kuhusu ndege wanaokula mpunga.

Siku ya nne akaja tarishi wa Bwana Fito, amepita matope mpaka magotini, ana karatasi. Mwandiko ulikuwa wa kike, Kiswahili cha kuandikwa herufi moja moja kutoka kwenye kamusi.

Nikaisoma kwa sauti, maana Mzee Buya alisema isome kwa sauti.

"Jillo. Meja hapana kula. Meja piga sanduku ndu ndu ndu. Mume wangu hapana lala. Mimi hapana lala. Tafadhali kuja. Kuja na nyasi."

Amina, aliyekuwa akivuna nasi, aligeuka upande akaziba mdomo kwa kanga, mabega yanatikisika.

Nikaweka kisu chini nikimbie. Mzee Buya akanyoosha mkono.

"Andika jibu," akaniambia. "Mwambie utakwenda kesho. Leo una mpunga wa baba mkwe wako."

Wakuu, lile neno baba mkwe alilitoa hivihivi, huku amenipa mgongo anafunga mganda. Nikarudi kwenye mpunga. Sijawahi kuvuna vile.

Kesho yake nikaenda na nyasi. Bwana Fito hakuomba msamaha na mimi sikumdai. Memsahib ndiye aliyenishika mkono akaniketisha, akaleta kitabu na penseli, akasema kwa ishara nimwambie. Kila ukurasa tuliousoma alikuwa anakata mstari na kuandika pembeni. Wiki mbili tu na yeye alikuwa anatoka asubuhi na kofia kubwa na kikapu, anatembea nyuma ya Mama Habiba, anainama, anaokota. Mavi ya fisi alikuwa anayaweka mezani kwenye sahani ya maua. Bwana Fito alikuwa anakunywa chai ameelekea dirishani.

Tulimjengea Meja banda kwenye kinundu, pasipoingia maji mto ukijaa. Tukaoana na Amina baada ya masika.

Wazungu hao walipoondoka nchini, Memsahib alitaka kumchukua Meja. Halafu mwenyewe akaghairi. Tulimpeleka pamoja mpaka nchi kavu, tukamweka kwenye nyasi. Alikaa kidogo, akala, akasogea, akala, akasogea. Ilichukua nusu siku nzima kupotea machoni, na Memsahib alisimama juani muda wote huo, akakataa kukaa.

Sasa yule dada wa juzi, nakuomba hivi.

Mtoe bafuni. Mpe nyasi na majani ya magugu, hiyo ndiyo iwe karibu chakula chote. Matunda yawe ya kuonja, na mkate na maziwa acha kabisa. Mfupa wa gamba siku hizi unapata kwa maganda ya mayai yaliyosagwa, au lile gamba jeupe la ngisi linalookotwa ufukweni. Sikulazimishi ya fisi. Jua la kweli, si la dirishani, na kivuli ajichagulie. Pa kulala pawe pakavu. Maji ya kuoga yasipite kidevu. Wale wadogo wanataka unyevu zaidi kidogo, lakini unyevu ukichanganyika na ubaridi na giza ndiyo hizo chafya. Huyu wetu wa madoadoa halali msimu, asikudanganye mtu wala kitabu. Mapovu yasipoisha mpeleke kwa daktari wa mifugo.

Na kama ulimwokota porini, jua kwamba sheria ya sasa hairuhusu kujifugia tu. Waulize wahusika wa wanyamapori kabla hawajakuuliza wao.

Mimi nilichojifunza ni kwamba kabla hujamlisha mnyama, uliza kwanza kwao wanakula nini. Na ukimuuliza mtu, usikipime Kiswahili chake. Ningemsikiliza Mama Habiba siku ya maziwa, Meja asingepiga chafya hata siku moja.

Haya, uwanja ni wenu. Wenye kobe semeni mnawalisha nini, na aliyesema kobe hana pua aje hapa, namsubiri. Nitasoma yote, ila kujibu nitachelewa. Amina anasema simu inatosha kwa leo.